Mzee Hoja Hana Neno

Mkutano wa wakazi ulikuwa haufunguliwi mjini kwao mpaka watu wageuze shingo kwanza kutazama kama Mzee Hoja amefika. Naye hakuwa mtu wa kukosa. Mvua inyeshe, jua liwake, kiti chake kilikuwa upande wa kushoto wa ukumbi wa baraza, karibu na dirisha, na koti lake la kijivu lilikuwa limepigwa pasi na mkewe mpaka mikunjo ya mikono ungedhani inakata karatasi.

Kazi yake ilikuwa ufundi wa vioo. Mji wenyewe ulikuwa mdogo, na karibu kila dirisha lenye kioo kizima lilikuwa limepita mikononi mwake. Alijua nyumba ipi ina pazia la hariri upande wa barabarani na gunia upande wa uani. Alijua ofisi gani watu wake hulala mchana. Kwa maoni yake, mtu aliyeuona mji kwa kupitia madirisha, tena kwa miaka mingi, ana haki ya kuusemea, na kama hana haki basi ana wajibu.

Akausemea. Alisema juu ya mtaro wa sokoni ambao ulichimbwa ukapanda kilima, kana kwamba maji yana miguu. Alisema juu ya taa za barabarani zilizowaka wiki ile waliyokuja wageni zikazima wageni walipoondoka. Alisema juu ya jaa la taka lililohamishwa kutoka nyuma ya nyumba ya mkubwa mmoja likapelekwa nyuma ya shule. Alisema juu ya mbwa. Alikuwa amesoma shule ya jioni akiwa mtu mzima mwenye watoto, akikaa dawatini na puti, ule udongo wa kushikizia vioo, ingali imemganda kuchani, na huko walimfundisha kwamba maneno yana mpango: utangulizi, kiini, hitimisho. Hakuwahi kuuvunja mpango huo. Kila mara alianza hivi: "Mheshimiwa mwenyekiti, ninayo hoja, tena si moja." Hapo ukumbi ulicheka, na kutokana na cheko hilo akapata jina. Yeye alilihesabu kuwa ni cheko la mapenzi.

Mkutano ulikuwa na taratibu zake. Jambo likishasomwa, mwenyekiti aliuliza mara tatu kama kuna mwenye neno. Kukiwa kimya, katibu aliandika kwamba wakazi wameafiki, na limekwisha. Tena kila mkazi alikuwa na nafasi moja tu ya kusema kwa mkutano mmoja, akiitumia au akiiachia, haimrudii. Taratibu hii ya pili aliipendekeza Mzee Hoja mwenyewe zamani, enzi ambazo walevi walikuwa wakisimama na kukaa, wakisimama na kukaa, mpaka mkutano unageuka kilabu. Katika hoja zote alizowahi kutoa maishani, hiyo ndiyo peke yake baraza lililoikubali. Aliionea fahari.

Basi mwaka ule zikaja habari za zahanati. Baraza lilitaka kuifunga zahanati ya mtaani kwao na kuihamishia ng'ambo ya mji, nyuma ya stendi mpya, mahali ambapo mtu mzima wa afya anapanda magari mawili na kumalizia kwa miguu. Kiwanja cha zahanati kingepewa mtu mwenye malori.

Mke wa Mzee Hoja alikuwa na sukari na kidonda mguuni, chini kidogo ya goti. Siku moja ndiyo, siku moja siyo, alijikongoja kwenda pale zahanati, ambapo nesi mmoja mnene mwenye utani mwingi alimsafisha na kumfunga upya. Kidonda kilikuwa kimeanza kupungua. Kwa mguu ule, kufika zahanati ilikuwa safari. Kufika ng'ambo ya mji ilikuwa hadithi.

"Sasa nisikilize, mume wangu," mkewe alimwambia, mguu ukiwa juu ya kigoda. "Jumamosi mkutanoni usiniletee mitaro. Taa ziache zilale. Mbwa nao waache wabweke, ndiyo kazi yao. Simama useme zahanati, ukae."

"Hoja haianzi hewani hivyo, mama. Inahitaji utangulizi."

"Utangulizi ni huu mguu. Ukitaka nitakuja nao nikuwekee mezani."

Alicheka, akamwahidi. Hata usiku, taa ikishazimwa, alikuwa akiipanga hoja yake midomoni bila sauti, na mkewe akijifanya amelala.

Siku chache kabla ya mkutano, upepo ulilibamiza dirisha la ofisi ya mwenyekiti wa baraza, kioo kikavunjika. Wakamwita. Akaja, akabandua vipande, akapima, akarudi kibandani kwake kukata kioo kipya. Aliporejea nacho kwapani, kimefungwa blanketi, hakupita mlangoni. Alizungukia uani, akakiegemeza kioo ukutani, akachuchumaa chini ya dirisha akaanza kukwangua puti kuukuu iliyobaki kwenye kingo za mbao. Dirisha lisilo na kioo halifichi kitu. Mwenyekiti, ambaye alikuwa mgeni kazini, na katibu, ambaye alikuwa hapo tangu ukuta ule unapakwa rangi ya kwanza, walikuwa wakinywa chai.

"Hili la zahanati linanitia wasiwasi," alisema mwenyekiti. "Watu wa mtaa ule watatuchachamalia."

"Watuchachamalie nini, na Mzee Hoja yupo?"

"Si ndiye huyo ninayemwogopa! Nasikia mkewe anatibiwa pale pale."

Katibu alicheka mpaka kikombe kikagonga sahani. "Mkubwa, wewe bado mgeni. Mzee Hoja ni mali ya baraza. Kipaza sauti mpe yeye wa kwanza kabisa. Ataanza na mtaro. Ataingia kwenye taa. Atapitia kwa mbwa, hapo watu wameshacheka mbavu zinauma. Halafu wanaanza kupiga miayo. Halafu akina mama wanakumbuka masufuria. Mpaka anafika kwenye zahanati, nani anasikiliza? Naye akikaa, kila mtu anaona mji umeshasemewa. Unauliza mara tatu, kimya, mimi naandika. Yule si mpinzani. Yule ni kiburudisho."

"Kumbe!"

"Mimi mkutano ninaouogopa ni ule asiokuja. Aliwahi kuugua mara moja tu. Watu walipoona kiti kitupu, wakaanza kusimama wenyewe, mmoja mmoja, hata muuza mayai. Siku ile tulitoka ukumbini mashati yameganda mgongoni."

Mkono wa Mzee Hoja ulikuwa umesimama juu ya mbao. Kwanza hakuhisi hasira. Alihisi kama mtu aliyegundua barabarani, mbele za watu, kwamba suruali yake imechanika nyuma, tena imechanika tangu asubuhi, tena si leo tu. Akakumbuka nyuso. Akakumbuka jinsi safu za nyuma walivyokuwa wakipigana viwiko akisimama.

Akangoja mpaka waliponyanyuka na vikombe vyao wakatoka, ndipo akakitia kioo. Alikitia sawasawa, kwa kuwa mikono yake haikujua njia nyingine, ila kwenye puti, pembeni, alisahau alama ya kidole gumba. Alipomaliza, katibu akatoka uani akijinyoosha.

"Aa, mzee wetu! Kumbe umesharudi? Jumamosi usituangushe, bwana. Mkutano bila wewe haunogi."

"Nitakuja," alisema Mzee Hoja.

Nyumbani hakusema. Mkewe alimuuliza mbona chakula hakishuki, akasingizia jino. Angemwambiaje? Ingebidi alitamke lile neno, kiburudisho, mbele ya mwanamke aliyekuwa wakati ule ule amesimama kwa mguu mmoja akilipiga pasi koti la kijivu. Hapana. Akalala nalo, akaamka nalo, na kulipopambazuka alikuwa ameshapata mpango. Kama wanategemea aseme, hatasema. Atakwenda, atakaa, atafunga mdomo. Watu wataona kiti kina mtu lakini hakina sauti, na zahanati itakaposomwa watasimama wenyewe kama walivyosimama siku ile. Wote wanatibiwa pale. Wote wana midomo. Katibu atatoka na shati limeganda.

Ulikuwa mpango mzuri. Ulikuwa na utangulizi, kiini na hitimisho.

Jumamosi asubuhi alipita kwa kinyozi, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, ambaye watoto wake wote walichomwa sindano zao pale zahanati.

"Leo mseme ninyi," alimwambia povu likiwa shavuni.

Kinyozi akaushusha wembe. "Tuseme sisi, wewe ukiwa wapi? Unakufa?"

"Nitakuwepo. Lakini mseme ninyi."

"Mzee, unanichekesha nitakukata. Mimi nikisimama mbele za watu magoti yanaamkiana. Wewe ndiwe mlumbi wetu. Au leo unataka tukubembeleze kama bibi harusi?" Wateja waliokuwa kwenye benchi wakaangua kicheko. Mzee Hoja angeweza kuwaambia yote pale pale, povu shavuni. Alifungua mdomo, akaona wanavyomtazama, tayari kwa kucheka tena, akaufunga.

Mchana ukumbi ulijaa. Watu walikuwa wamesimama mpaka mlangoni, maana habari za zahanati zilikuwa zimeenea, na hilo lilimpa moyo. Aliwaona akina mama wenye watoto mgongoni. Alimwona muuza mayai. Alimwona nesi mnene mwenyewe, amekaa pembeni na sare yake. Yeye mtumishi, haruhusiwi kusema, ila macho yake yalikuwa yakimtafuta.

Mwenyekiti akakohoa kwenye kipaza sauti. "Kama ilivyo ada yetu, tuanze na mzee wetu. Mzee Hoja, karibu, uwanja wako."

Kipaza sauti kikapitishwa mikono kwa mikono hadi kwake. Ukumbi ulikuwa umeshaanza kutabasamu. Akasimama, akalishika lile dude, akalitazama.

"Mheshimiwa mwenyekiti," alisema, na nyuma mtu akaanza kumalizia, "ninayo hoja, tena..."

"Leo sina neno."

Akakaa.

Kimya kilianguka, kimya cha watu waliokosa ngazi gizani. Alimtazama katibu. Kwa kitambo kidogo aliona kile alichokitaka: kalamu imesimama hewani, uso umekosa rangi. Akasikia utamu wake mpaka kooni. Lakini mwenyekiti alikuwa na masikio mapya, hakuwa na mazoea, akaona mlango ulipo.

"Jamani, mmesikia?" alisema kwa furaha ya kweli. "Mzee Hoja hana neno! Wenyeji mniambie, hili limewahi kutokea?" Watu wakaanza kucheka. "Kama leo hata Mzee Hoja ameridhika, basi, ndugu zangu, mji wetu umepiga hatua. Tumpigie makofi mzee wetu!"

Wakapiga. Walipiga makofi kwa nguvu, wengine wakapiga miluzi. Kinyozi alisimama kabisa akipiga, akidhani ndiyo hayo waliyokubaliana.

Katibu akasoma. Mambo madogo kwanza, kisha la zahanati, kwa sauti ile ile, kama anasoma majina ya waliohudhuria. Huduma kusogezwa kwenye jengo la kisasa. Kiwanja kuendelezwa.

"Kuna mwenye neno?"

Vichwa vikageuka, na vyote viligeukia upande mmoja, upande wa kushoto, karibu na dirisha. Walikuwa wakimngoja. Mama mmoja mwenye mtoto alimwashiria kwa kidevu: simama. Mzee Hoja naye akamwashiria kwa kidevu: simama wewe. Yule mama akacheka kwa aibu, akamtazama mtoto wake.

"Mara ya pili. Kuna mwenye neno?"

Akamgeukia muuza mayai. Muuza mayai akatazama dari. Akageuka nyuma kwa kinyozi, na kinyozi akamkonyeza, kama anayesema, haya, tumeshaona maringo yako, sasa piga. Hapo ndipo lilipomwingia. Walikuwa hawajaona kiti kitupu. Walikuwa wameona kiti kina mtu, na mtu ameridhika. Na nani basi atasimama kusema kitu ambacho Mzee Hoja, mwenye mke anayetibiwa pale, amekiona hakina shida?

"Mara ya tatu..."

"Mimi!" Alisimama mpaka kiti kikaanguka. "Mwenyekiti, ninalo. Ni zahanati. Mke wangu..."

Katibu alikuwa amesharudiwa na rangi yake. Akainama sikioni mwa mwenyekiti, akanong'ona, akajiweka sawa. Mwenyekiti akatabasamu kwa upole mkubwa.

"Mzee wetu, samahani sana. Nafasi yako tulikupa ya kwanza, ukaiachia. Mkazi mmoja, nafasi moja. Naambiwa taratibu hiyo ni wewe mwenyewe uliyetupa."

Kicheko kilichokuja kilikuwa kikubwa kuliko vyote alivyowahi kuvipata katika ukumbi ule.

"Basi semeni ninyi!" aliwapigia kelele. "Mna midomo! Simameni!" Lakini hakuwa na kipaza sauti, na alipokuwa akipiga kelele walizidi kucheka, maana hii sasa ilikuwa nzuri kuliko hata mbwa. Katibu aliandika. Nesi alikuwa ameinuka, akatoka kwa mlango wa pembeni bila kumtazama.

Njiani habari zilimtangulia. Alipofika nyumbani, mkewe alikuwa ameshazipata, ukutani kwa kinyozi kunapita kila kitu.

"Wanasema umenunuliwa," alisema.

"Nani anasema?"

"Wote. Mke wa kinyozi anasema labda umeahidiwa vioo vya jengo jipya. Nimemwambia kwa bei ya ubishi wako hakuna tajiri wa kukununua mji huu." Hakucheka. "Niambie. Nilikwambia simama useme zahanati, ukae. Wewe umesimama, umekaa. Katikati kulikuwa na nini?"

Ndipo akamwambia. Alimwambia akiwa amemgeuzia mgongo, akilitundika koti msumarini. Alimwambia upepo, dirisha, chai, mtaro, mbwa, masufuria. Lile neno alilitamka mwisho.

Koti likabaki msumarini, akageuka.

"Na hayo," mkewe alisema taratibu, "hayo uliyoyasikia, uliyashikaje mdomoni siku zote hizi? Ulipewa kipaza sauti. Watu walijaa mpaka mlangoni. Si ungewaambia hayo hayo tu? Jamani, nilikuwa chini ya dirisha, nimesikia moja, mbili, tatu, mimi ni kiburudisho chenu na ninyi mnauzwa mkicheka. Ukakaa. Nani angecheka?"

"Wangecheka."

"Wangecheka, ndiyo. Halafu wangeacha."

Maisha yake yote Mzee Hoja alikuwa ameusemea mji kwa yale aliyoyaona madirishani, na siku aliyoliona jambo kubwa kuliko yote alilificha, kwa kuwa safari hii aliyekuwa ndani ya dirisha ni yeye.

Zahanati ilifungwa mvua zilipoanza. Siku ya mwisho nesi alimpa Mzee Hoja mfuko wa bandeji na chupa ya dawa, akamwonyesha namna ya kusafisha kutoka katikati kwenda nje, na namna ya kufunga. Utani haukuwepo. Alimwonyesha kama mtu anayemwonyesha mgeni njia. Mke wa Mzee Hoja alijaribu kwenda ng'ambo ya mji mara mbili, na mara ya pili alirudishwa na watu akiwa amekaa kwenye mkokoteni wa maji. Kidonda kikaacha kupungua. Kikatulia kwa muda, kama kinachofikiri, kisha kikaanza kutanuka.

Malori yaliegeshwa pale ilipokuwa zahanati. Kila yalipowashwa alfajiri, vioo vya mtaa mzima vilitetemeka. Fundi wa vioo alikuwa akipata kazi nyingi sana siku hizo.

Jioni moja, jua likiwa bado juu ya paa, Mzee Hoja alikuwa amepiga magoti mbele ya kigoda akimfunga mkewe mguu. Kinyozi akabisha hodi na kuingia kwa pamoja, kofia mkononi. Miezi hiyo yote alikuwa akimwamkia kwa mbali.

"Mzee, mama, habari za hapa. Jamani tumekwisha. Baraza linataka kuvunja vibanda vya barabarani, changu na vya wenzangu wote. Eti tunaziba njia ya malori. Mkutano ni Jumamosi." Akaizungusha kofia. "Yale ya nyuma yamepita, mzee. Sisi ni majirani. Utatusemea?"

Mzee Hoja hakuinua uso. Lakini mkewe, aliyekuwa akimtazama kutoka juu, aliona midomo yake imeanza kucheza bila sauti. Ilikuwa imeshaanza kupanga. Utangulizi ulikuwa umeshakaa mahali pake.

"Mzee ana bandeji mkononi," mkewe alimwambia kinyozi. "Nendeni mkaseme wenyewe."

Kinyozi akacheka kidogo, akiona kwamba mama huyu hajaacha utani wake hata kwa mguu ule. "Haya, mzee, tunakutegemea," alisema, akavaa kofia, akatoka.

Mzee Hoja aliendelea kuzungusha bandeji, midomo ikicheza.

"Unakaza mno," alisema mkewe.